Maisha ya Zsoldos Matild, Aliyewafundisha Makocha Kuogelea

Aliyelala mbele yetu ni Zsoldos Matild, mwalimu wa kuogelea. Mdogo wake Gerzson, anayesoma maneno haya, alitaka yaanze hivyo na si vinginevyo. Mwenye kupinga jina au kazi hiyo ajitokeze sasa, jeneza likiwa bado juu ya ardhi, kuliko kunong'ona baadaye kwenye meza ya chakula.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1949 hapa Tiszakeszeg, katika nyumba ya kivuko, akiwa mtoto wa kwanza wa Zsoldos Benedek, mvushaji, na Pálfi Eszter. Walimfuata Lídia, kisha Gerzson. Baba yao alivusha watu, ng'ombe na magari ya nyasi kwenye mto Tisza kwa miaka thelathini na mmoja, na hakujua kuogelea hata hatua moja. Hakuna mvushaji wa zamani aliyejua. Walisema anayejua kuogelea huchelewa tu kufa. Tarehe 9 Julai 1958 Lídia, mwenye miaka sita, aliteleza kwenye ubao wa kivuko mbele ya macho ya baba yake. Baba alisimama pale na ndoano yake ndefu ya kivuko mkononi, maji yakamchukua mtoto. Tangu siku hiyo mzee Benedek hakuzungumza tena mezani.

Wiki tatu baadaye Matild, mwenye miaka tisa, alichukua kamba ya mama ya kuanikia nguo, akajifunga kiunoni, akampa Gerzson ncha nyingine. Gerzson alikuwa na miaka mitano. Walikuwa kwenye mkono wa mto uliokufa, nyuma ya bustani ya mchungaji, ambako maji hayaendi popote.

"Shika," alimwambia. "Nikizama, vuta. Nisipozama, shika tu."

Gerzson alishika siku nne. Siku ya tano aliona chura mkubwa, akaiacha kamba akamfuata. Aliporudi na chura wake alimkuta dada yake amesimama ng'ambo ya pili, amelowa, kamba inaelea nyuma yake kama mkia. Matild alivuka tena kwa kuogelea, akatoka majini, akamzaba kofi moja safi. Kisha akakaa kwenye matope akacheka mpaka akashika tumbo.

"Kumbe kamba ilikuwa imelegea!" alisema. "Nilikuwa nakwenda mwenyewe!"

Kila aliyejifunza kuogelea katika mji huu anayajua maneno hayo. Sasa anajua yalikotoka, na kwamba kofi lililoyatangulia lilimpata nani.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa mjini kuanzia mwaka 1955 hadi 1963, kisha shule ya biashara kule Szolnok hadi 1966. Tarehe 1 Mei 1967 aliajiriwa kwenye bwawa letu la maji ya moto kuuza tiketi. Hakukuwa na nafasi ya mwalimu wa kuogelea, na hakuna aliyeona kuna haja. Mwaka 1972 alichukua likizo yake yote akahudhuria kozi ya walimu wa kuogelea ya wiki sita. Alifaulu. Cheti chake ni namba 218, cha tarehe 26 Agosti 1972, na kimeandikwa jina la Zsoldos Matild. Mnaombwa kuikumbuka namba hiyo.

Kuanzia Septemba mwaka huo hadi Juni 2019, miaka arobaini na saba, alifundisha kila asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili, kabla bwawa halijafunguliwa kwa wengine. Baada ya hapo alivaa koti la bluu na kutunza vyumba vya kubadilishia nguo hadi jioni, maana alikuwa amehamishwa kutoka kwenye tiketi, na hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye karatasi yake ya mshahara. Klabu ya watoto ilipoundwa mwaka 1981, iliundwa ndani ya chumba chake cha taulo, kwa viti viwili na ndoo iliyopinduliwa. Aliyekaa kwenye ndoo ni yeye.

Alifundisha kwa njia ya zamani: ufito mrefu, kamba mwisho wake, na mkanda wa turubai mwisho wa kamba. Mtoto alivaa mkanda, akaingia majini, na Matild akatembea ukingoni akimshikilia kama mvuvi aliyenasa samaki wa thamani. Alivuta kidogo, akavuta kidogo zaidi, kisha hakuvuta kabisa. Mtoto hakuambiwa. Angefika katikati ya bwawa, ndipo sauti ile ingesikika chini ya paa la bati: "Kamba imelegea! Unakwenda mwenyewe!" Wengine walizama papo hapo kwa mshangao. Aliwavuta, akawafuta pua, wakarudia.

Tarehe 14 Juni 1975 aliolewa na Kerekes Ambrus, mtunza boila wa bwawa hilohilo, mtu mpole aliyenuka moshi na sabuni. Ndoa ilifungwa katika kanisa letu la Kiprotestanti la Matengenezo, na ilikuwa njema kwa miaka thelathini na sita, hadi Ambrus alipofariki mwaka 2011. Ufito wa kwanza ulikuwa bomba la chuma, na mikono ya Matild ilikuwa inapasuka kila baridi. Ambrus ndiye aliyemchongea ule wa mti, akaupaka mafuta ya kitani kila vuli. Walijaliwa binti mmoja, Jolán.

Lakini lipo jambo moja kuhusu ndoa hiyo ambalo lazima lisemwe. Tunajua desturi yetu: mwanamke akiolewa huchukua jina lote la mume, linaongezwa kipande kidogo mwishoni, na lake linafutika. Kuanzia Jumamosi ile, kwenye kila karatasi, dada yetu alikuwa Kerekes Ambrusné. Kwenye mshahara, kwenye kadi ya zahanati, hata kwenye kisanduku cha barua. Zsoldos Matild alibaki mdomoni mwa watu na kwenye cheti namba 218 tu. Hakulalamika. Alimpenda Ambrus, na jina lake halikumwasha. Sisi wengine wote tulifanya hivyohivyo na mama zetu na wake zetu, bila kufikiri kwamba siku moja mtu atatafuta kwenye daftari na kusema hayupo.

Siku hiyo ilifika. Mwezi Machi 2023 klabu ilitundika mlangoni mwa bwawa ubao wa kioo wenye picha za makocha wanne, na chini ya kila picha maisha yake: amesoma wapi, ameshinda nini, ana cheti gani. Ni ubao mzuri, una taa. Matild hakuwamo. Alikuwa amestaafu, ni kweli. Lakini ubao huo una picha ya tano, ndogo, pembeni, ya mwanzilishi wa klabu, na hapo pameandikwa jina la mwalimu mkuu wa zamani wa shule, Mungu amrehemu, mtu aliyekuwa akiingia majini kwa ngazi na kutoka kwa ngazi.

Gerzson ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa mwenyekiti wa klabu, Ormos Szilveszter. Ilikuwa tarehe 4 Aprili. Gerzson ni seremala, ana masikio mazuri, na mazungumzo hayo anayakumbuka neno kwa neno.

"Shangazi Matild, tafadhali usikasirike," alisema Szilveszter. "Ubao ule ni wa makocha wenye sifa."

"Na mimi nina nini, mafua?"

"Tumetafuta kwenye daftari la vyeti, shangazi. Tumetafuta mara mbili. Kerekes Ambrusné hayumo."

"Hawezi kuwamo. Tafuta Zsoldos Matild."

"Huyo ni nani?"

"Ndiye aliyekufundisha kuogelea, mwanangu."

Szilveszter alikuwa mwekundu mpaka masikioni, hilo tumpe. Lakini badala ya kuinuka na kwenda kwenye ubao ule na bisibisi, alisema lete cheti. Kikaletwa. Akasema lete na cha ndoa, ili kamati ione kwamba majina mawili ni mtu mmoja. Kikaletwa. Akasema kamati itakaa vuli. Vuli kamati ikakaa, ikasema ubao una fremu tano tu na zimejaa, tusubiri msimu mwingine. Mwanamke aliyewashika mikanda wanakamati saba kati ya tisa alitakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye!

"Twende kwenye gazeti," Gerzson alimwambia. "Twende kwa meya. Nitauvunja kioo kile kwa nyundo yangu mwenyewe."

"Acha, Gerzson. Watoto wanaogelea au hawaogelei?"

"Wanaogelea."

"Basi."

Alisema basi, na watu wakaamini kwamba ni basi. Gerzson hakuamini, kwa sababu tangu Aprili ile dada yake hakuingia tena bwawani kwa mlango mkubwa. Alizunguka nyuma, kupitia chumba cha boila, kati ya mabomba, akiwa na miaka sabini na minne, ili asipite mbele ya ubao. Na ni huko nyuma, kwenye rundo la viti vilivyovunjika, alikoukuta ufito wa Ambrus na kamba yake, vimetupwa siku ya usafi mkuu. Aliubeba hadi nyumbani begani, akipita katikati ya mji mchana kweupe. Mdogo wake aliumia siku ile kuliko siku zote.

Mwezi Novemba 2023 alianza kupata maumivu ya mgongo. Tarehe 8 Januari 2024 madaktari walithibitisha kwamba ni saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa uangalifu mkubwa, na familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia. Jolán aliacha kazi yake ya nje ya nchi, kule Linz, akarudi kumuuguza. Mgonjwa alikula kidogo, lakini mwezi wa Agosti aliomba mkate wa kukaanga wa pale bwawani, wenye kitunguu saumu na maziwa ya mgando. Gerzson alimpeleka kwa kiti cha magurudumu, na kiti hakipiti kwenye mlango wa boila. Ikabidi waingie kwa mlango mkubwa.

Alisema kiti kisimamishwe. Akavaa miwani, akausoma ubao wote kuanzia juu hadi chini, taratibu, kama asomaye barua. Mwenyekiti: alianza kuogelea akiwa na umri wa miaka sita, bingwa wa mkoa mara mbili, ana diploma. Kocha Dalma: alianza kuogelea akiwa na umri wa miaka sita. Kocha Kende: alianza kuogelea akiwa na umri wa miaka sita. Wa nne anatoka Szeged na hatumdai chochote.

"Wamekosea," alisema Matild.

"Najua wamekosea!" Gerzson alifoka hadi muuza tiketi akachungulia dirishani.

"Hapana, sikiliza. Dalma hakuanza na miaka sita. Alikuwa na minane. Alivaa kofia ya kaka yake na alilia siku tatu kwa sababu ya kofia, si kwa sababu ya maji. Na Szili, mwenyekiti wenu, hakuanza akiwa na sita, alianza akiwa na sita na siku kumi na nne. Siku kumi na nne zote alining'inia tu. Siku ya tatu aliniuma hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono. "Waandike vizuri basi."

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika ni nani aliyeshika upande wa pili wa kamba. Ukiwasoma ungedhani walianguka majini wenyewe wakaelea. Matild alikumbuka kofia na meno yao. Wao walisahau jina lake. Alimaliza mkate wake wote mchana ule, akalamba vidole, na hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kufika bwawani.

Alifariki nyumbani kwake siku ya Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, Jolán akiwa amemshika mkono. Ni saa ambayo kwa miaka arobaini na saba alikuwa njiani na funguo mfukoni. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Kesho yake, Ijumaa, mwenyekiti alifika uani kwa Gerzson na shada kubwa la maua, lenye utepe wa zambarau. Kwa kuwa yaliyosemwa yalisemwa mbele ya majirani watatu, si siri.

"Mzee Gerzson, pole sana. Klabu nzima imeguswa."

"Nisomee utepe, sina miwani."

"Umeandikwa: Kwa Kocha Matild, klabu yenye shukrani."

"Kocha? Tangu lini?"

"Mzee, huu si wakati wake..."

"Ndio wakati wake hasa! Mwaka na nusu alikuwa mama wa taulo. Amekufa Alhamisi, Ijumaa amepandishwa cheo. Vyeti viwili havikutosha, mlikuwa mnasubiri cha kifo?"

"Ubao ni suala la kamati, mzee wangu."

"Na utepe huu ulipita kwenye kamati?"

"Hapana. Niliuagiza tu duka la maua."

"Basi duka la maua lina akili kuliko kamati. Liweke shada lako langoni mwa makaburi. Litaingia siku ubao utakaposema linachosema."

Liko langoni. Mmelipita wote mlipokuwa mnaingia. Mchungaji amemwomba Gerzson apunguze ukali, na Gerzson amepunguza. Mnayoyasikia ni yaliyobaki.

Aya inayofuata haimo kwenye karatasi mlizonazo mkononi. Imeongezwa kwa kalamu leo asubuhi. Saa moja Gerzson alipita bwawani akakuta kipande cha karatasi kimebandikwa kwa gundi juu ya kioo, chini ya picha ya Kocha Dalma. Kimeandikwa kwa mkono: "Nilianza na miaka minane. Nilifundishwa na Zsoldos Matild, mwenye cheti namba 218." Chini ya picha ya Kende kulikuwa na kingine. Gundi ilikuwa bado mbichi. Chini ya picha ya mwenyekiti hapakuwa na kitu, kioo kilikuwa kimefutwa safi. Karatasi mbili si ubao, na Gerzson hajasamehe. Lakini alisimama pale muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Kwetu, anayeachwa na marehemu huitwa kwa jina kaburini, na asiyeitwa hukasirika mpaka siku yake. Kwa hiyo sikilizeni. Marehemu amemwacha binti yake Jolán na mumewe Herbert. Mjukuu wake Barna. Mdogo wake Gerzson na mkewe Boriska. Amewaacha watoto aliowafundisha, ambao hawawezi kuhesabika hapa. Wanyooshe mikono tu, ili Jolán awaone. Amemwacha Dalma. Amemwacha Kende. Amemwacha na Ormos Szilveszter, apende asipende, maana mtu aliyening'inia kwenye kamba ya mwenzake siku kumi na nne si mgeni kwenye kaburi lake.

Nguzo ya mbao iliyo kichwani mwa kaburi imechongwa na Gerzson. Imeandikwa jina alilozaliwa nalo, na chini yake, mwalimu wa kuogelea. Ambrus, aliye pembeni yake hapa, hatakasirika. Ndiye aliyechonga ufito. Kamba ya zamani na mkanda wake vimewekwa juu ya jeneza, navyo vitashuka naye.

Jeneza litashushwa kwa kamba mbili zenye ncha nne. Moja atashika Dalma, ya pili Kende. Ya tatu atashika Gerzson, aliyeishika ya kwanza mwaka 1958, na leo hataiacha kwa ajili ya chura yeyote. Ncha ya nne imelazwa kwenye nyasi. Hakuna atakayeitwa kuishika. Aliyeachiwa anajijua, na sisi tuna subira. Tutasimama hapa kwenye unyevu huu mpaka aje.

Mtakapoona kamba zimelegea, msishtuke. Anakwenda mwenyewe. Apumzike Zsoldos Matild, kwa jina lake.